Ukuta wa mawe unatota: niufunge au niuache upumue?

Mama Salma wa Wete, Pemba, ameniandikia hivi, nami nimeifupisha kidogo barua yake:

"Vyumba vya mbele vya nyumba yetu ni vya mawe na chokaa, alivijenga babu yake mume wangu. Nyuma tumeongeza vyumba vitatu vya matofali, tukaezeka paa la kuficha. Miaka sita nyuma tulibandua chokaa ya zamani kule mbele tukapiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta, nyumba ipendeze. Sasa ukuta unaotazama kusini una malengelenge, unatoa unga mweupe, na hata siku isiyo mvua ukiushika una majimaji. Nyuma nako maji yanaingia juu ya madirisha, na mchana hakukaliki kwa joto. Fundi wetu anataka abandue apige saruji kali zaidi yenye dawa ya kuzuia maji. Shemeji yangu aliyeko Kanada anasema tuivishe nyumba nzima bodi za povu na nailoni kwa nje, kama wafanyavyo kwao. Nimfuate nani?"

Wa alaykum salaam, Mama Salma. Fundi usimfuate. Shemeji mfuate kwa jambo moja tu, nalo liko darini, nitalifikia. Kwanza tuuangalie ukuta wenyewe, maana hapo ndipo pesa zako zinapoyeyukia.

Ukuta wa babu ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au kuzidi. Jiwe la matumbawe lina vitundu, na chokaa nayo ina vitundu. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji, na waliojenga walijua kwamba utakunywa. Masika unakunywa, kaskazi ikivuma unayatoa, mwaka baada ya mwaka. Chokaa ya nje ilikuwa kwake kama kanzu ya pamba: inatota, inakauka, na ikichakaa inapigwa nyingine. Nyinyi mmeuvua kanzu mkauvisha nailoni.

Saruji ni ngumu kuliko kilicho nyuma yake. Ukuta wa chokaa hucheza kidogo kidogo kwa jua na mvua, saruji haichezi, basi hupasuka. Nyufa zake huwa nyembamba kama unywele, na ufa mwembamba huvuta maji kwa nguvu kuliko ufa mpana, kama utambi unavyovuta mafuta. Maji yanaingia kwa unywele, lakini kutoka yanahitaji uso mzima wa ukuta, na uso huo mmeupaka rangi ya mafuta. Malengelenge unayoyaona ni maji yanayotafuta mlango.

Nayasema haya kwa sababu nilimfanyia mama yangu mzazi kosa hilo hilo, nikiwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa zege. Nilipiga saruji ukuta wake wote wa nje, nikajipongeza. Miaka michache baadaye akaniita. Nikagonga ukuta kwa mpini wa mwiko, lipu ikaita kama kifuu kitupu. Nikapenyeza patasi, kikabanduka kipande kikubwa kama sinia ya pilau, kikanivunjikia miguuni. Ilikuwa Februari, hapajanyesha kwa wiki kadhaa, na mawe nyuma ya lipu yalikuwa meusi kwa maji. Ule udongo mwekundu uliokuwa ukiyashika ulinitoka vidoleni kama uji. Mama alitazama, akasema tu, "Basi waliopiga chokaa hawakuwa wajinga."

Sasa huo unga mweupe. Chukua kidogo kwa ncha ya kidole uonje. (Ikiwa ukuta umepakana na choo usionje, niamini mimi.) Ni chumvi. Inaweza kuwa imetoka kwenye mawe ya pwani, kwenye mchanga wa ufukweni uliochanganywa kwenye lipu, kwenye upepo wa bahari, au imepanda na maji ya ardhini. Maji yakiwa ndani ya ukuta huiyeyusha, yakifika karibu na uso yakakauka, chumvi hubaki na kuganda. Ikiganda hutanuka ndani ya vile vitundu, na punje zile ndogo zina nguvu ya kusukuma lipu hata ing'oke. Kisha kuna jambo ambalo wengi hulikosa: chumvi hii ya kawaida ikikaa kwenye hewa yenye unyevu unaozidi kama asilimia 75, hujinywea maji yenyewe kutoka hewani. Kitazame kikopo chako cha chumvi jikoni wakati wa masika, punje zinavyoshikana na kulowa ilhali hakuna aliyetia maji. Hewa yetu visiwani hupita kiwango hicho mara nyingi. Ndiyo maana ukuta wako una majimaji hata siku ya jua. Dawa ya kuzuia maji haitaiondoa chumvi iliyomo ndani tayari. Itaifungia humo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutaja uuzibe kwa kitu gani, kwa sababu zama zao kilikuwa kimoja.

Kabla ya kuzungumza lipu, tuyatafute maji yanakotoka. Ukuta uliotota bila kujulikana chanzo ni kama mtoto mwenye homa anayepewa panadoli kila jioni. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita 1. Paa lenye mita 80 za mraba, siku ya masika iliyonyesha milimita 50, linamwaga lita 4,000. Kama hakuna gata, lita hizo zote zinaangukia mguuni pa ukuta, nyingine zinazama kwenye msingi, nyingine zinaruka juu na tope. Toka nje uangalie: kama chini ya ukuta kuna mkanda mwekundu wa udongo uliorukia, umefika kwenye goti au kuupita, jibu la kwanza umelipata bila kunilipa.

Jingine ni sakafu ya saruji ambayo watu hupenda kuizungushia nyumba ili uwanja uwe msafi. Chini yake ardhi bado ina maji, lakini hayana tena pa kutokea isipokuwa ukutani, na ukuta wa mawe huyavuta juu hata mita moja hivi. Kama mnayo mbele, ikateni upana wa mkono mmoja kando ya ukuta mzima, mchimbe, mjaze kokoto, na uwanja uteremke kwenda mbali na nyumba. Tena angalia kama uwanja haukupandishwa hata ukaukaribia usawa wa sakafu ya ndani. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na ngazi mbili mlangoni, leo zina nusu ngazi, kwa sababu kila anayefanya ukarabati anamwaga kifusi na kusawazisha.

Halafu upenu. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nyumba yako ya nyuma inaumwa ugonjwa wa fasheni. Paa la kuficha maana yake ukuta umepanda juu ya bati, hakuna upenu, na maji ya paa yanakusanywa kwenye mfereji wa ndani. Kwenye picha nyumba inaonekana kama sanduku la kupendeza. Kwenye masika ya Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja, ni mtu aliyesimama nje bila mwavuli. Masika huja wakati upepo wa kusi unapoanza kushika, basi mvua haianguki wima, inapigwa ukutani, na ukuta unaopigwa zaidi ni huo huo unaotazama kusini. Maji yanateremka usoni mwa ukuta, yanafika juu ya dirisha, na kwa kuwa tone la maji hupenda kushikamana na kitu, linajikunja chini ya kizingiti na kuingia ndani pamoja na fremu. Na mfereji wa ndani ukizibwa na majani ya mwembe mara moja tu, maji yote ya paa yanafurika upande wa ndani ya nyumba.

Shemeji yako anaweza kukuhadithia hili, maana limetokea huko huko kwao. Katika miaka ya 1980 na 1990, mjini Vancouver na maeneo ya jirani, walijenga majengo mengi ya makazi kwa mtindo wa nchi za jua: kuta laini za lipu, bila penu, katika mji unaonyeshewa mvua majira yote ya baridi. Maji yaliingia madirishani na kwenye maungio, yakakosa pa kutokea kwa sababu kuta zilikuwa zimefungwa, na mbao za ndani zikaoza. Yalikuwa makubwa hata serikali ya jimbo ikaunda tume ya uchunguzi mwaka 1998. Walikuwa na wahandisi, walikuwa na nailoni za kila aina. Kilichokosekana ni upenu na njia ya maji kutokea.

Basi huku nyuma, ukijaaliwa pesa, toa paa la kuficha uezeke upya, upenu utoke sentimita 60 kwenda mbele, ukipata 90 ni bora zaidi. Ikiwa hilo ni zito kwa sasa, funika kichwa cha ukuta kwa bati lililokunjwa likielekea ndani, toboa tundu la dharura kwenye mfereji ili ukiziba maji yamwagike nje na siyo darini, na juu ya kila dirisha jenga kikofia cha zege. Chini ya kikofia fundi apitishe kijifereji chembamba cha sentimita moja, kwa urefu wake wote, karibu na ukingo. Tone likifika hapo haliwezi kuruka kijifereji, linaanguka. Ni kazi ya nusu saa na kipande cha ubao wakati zege ni bichi, na nusu ya mafundi wetu wameisahau. Lipu ya saruji huku nyuma iacheni. Saruji juu ya matofali ya saruji ni ndugu kwa ndugu, ila nyufa zizibwe na ipakwe rangi ya maji, si ya mafuta.

Sasa bodi za povu, zile nyeupe nyepesi kama zinazofungiwa televisheni mpya. Kwa Kanada ni akili sana. Ndani nyuzi 20, nje nyuzi 20 chini ya sifuri: tofauti ni nyuzi 40, na joto hukimbia kwa kadiri ya tofauti hiyo. Kuivisha nyumba ni kuokoa fedha za kuipasha moto. Wete nje ikiwa nyuzi 31, ndani kivulini unaweza kukuta 29. Utanunua bodi za nyumba nzima uzuie nyuzi 2? Joto linalokutesa halitoki kwenye hewa, linatoka kwenye jua, na jua dawa yake ni kivuli na rangi nyeupe. Zaidi ya hayo, mchwa hulitoboa povu na kupita ndani yake wakielekea kwenye milango na boriti, wewe huwaoni. Kusini mwa Marekani, pahala penye mchwa wengi, sheria za ujenzi zimekataza povu kugusana na ardhi kwa sababu hiyo. Na juu ya ukuta wa babu, povu na nailoni ni ile ile lipu ya saruji kwa bei ya juu.

Hiyo nailoni pia ina siri yake. Kwao huwekwa upande wa ndani, kwa sababu wakati wa baridi unyevu wa jikoni na bafuni husafiri kutoka ndani kwenda nje. Kwetu safari ni kinyume, hasa ukiweka kiyoyozi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Chumba ukikipoza hadi 22, hewa ya nje ikipenya nyuma ya karatasi za plastiki za ukutani zinazouzwa siku hizi, inatoa jasho hapo hapo, kama gilasi ya maji baridi mezani. Nimewahi kubandua karatasi moja ya maua mekundu, nyuma yake ukungu umechora maua yake meusi. Kama Salma ana kiyoyozi chumbani kwake, kiwekwe nyuzi 26 au 27, feni isaidie, na karatasi za plastiki zisiguse ukuta wa mawe kabisa.

Joto la vyumba vya nyuma linatoka juu. Wete iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na mwaka mzima halitoki mbali na paa. Bati la rangi nzito au lenye kutu likipigwa na jua la saa saba linaweza kupita nyuzi 60, nalo linaishushia dari joto hilo kama chuma cha pasi. Makuti ya wazee yalikuwa na hewa iliyonaswa katikati, ndiyo maana chini yake mtu alilala adhuhuri. Anza kwa kupaka bati rangi nyeupe ya mabati, uioshe kila mwaka, kwani rangi nyeupe iliyoota koga si nyeupe tena. Kisha fungua matundu kwenye kuta za pembeni za dari, pande mbili zinazotazamana, uweke wavu mgumu, la sivyo utawafuga popo. Na hapa ndipo shemeji ana haki yake: kama ana pesa za kutuma, anunue karatasi ya alumini inayong'aa itandazwe chini ya kombamoyo, yaani miti inayobeba bati, uso unaong'aa uangalie chini kwenye nafasi tupu ya hewa. Ikigusana na bati au na dari haifanyi kazi, inapitisha joto kama sufuria. Bodi za povu pia pahala pake ni hapo juu, mbali na ardhi na mchwa, na mbali na nyaya za umeme. Kuta za mashariki na magharibi zipandie kitu cha kivuli, mita chache kutoka ukutani, mizizi isije ikauguza msingi.

Tukirudi mbele, kwenye ukuta wa babu. Kazi ina majira yake. Gata, kokoto na upenu vitangulie, kabla ya masika. Kipupwe kikiingia, mbandue saruji kwa nyundo ndogo na patasi, sehemu kwa sehemu. Asije mtu na sululu: ukuta wa mawe una kifusi katikati, na ukiupiga kwa hasira unaweza kufungua tumbo lake. Mkikuta pahala palipofura, simameni, mwite mwashi anayeijua kazi ya mawe. Rangi ya mafuta ya upande wa ndani nayo ipanguliwe. Chumvi ipigwe brashi kavu na kuzolewa, isioshwe, kwa sababu ukiiosha unairudisha ndani.

Kisha mwache ukuta uwe uchi. Najua jirani watasema. Kipimo cha haraka tunachokitumia ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo ukuta wa sentimita 50 kukauka kabisa ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Huna haja ya kungoja hadi mwisho, lakini mpe angalau kaskazi moja nzima. Kama chumvi bado inatoka, pigeni lipu ya kafara: chokaa dhaifu yenye mchanga mwingi, ikae miezi kadhaa iinyonye chumvi, kisha ibanduliwe na kutupwa mbali.

Lipu yenyewe iwe chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa shamba uliochekechwa, wa pwani hapana. Chokaa ya tanuu mkiipata, izimwe, yaani itiwe maji, na ikae chini ya maji wiki kadhaa, ikikaa miezi ni bora, na wakati wa kuizima watoto wawe mbali, kwani hutokota na tone likiruka jichoni linaunguza. Ukuta ulowanishwe kwanza. Lipu ipigwe kwa matabaka membamba, kila moja isizidi sentimita moja, na kati ya moja na jingine wiki moja au mbili, magunia yaliyoloweshwa yakiwa yametundikwa mbele yake. Hapo ndipo mafundi wa saruji huchoka, kwa kuwa wamezoea kumaliza Alhamisi. Chokaa haigandi kwa haraka kama saruji, inavuta hewa ukaa kutoka hewani kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe, na hilo linataka ubichi na subira. Juu yake ni kupaka chokaa nyeupe, mikono mitatu myepesi. Jua litaruka, mvua itaingia kidogo na kutoka. Laiti nyumba ingekuwa Mji Mkongwe, ungehitaji kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi, na saruji wasingekuruhusu. Wete hakuna wa kukuzuia, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kabla hujamlipa yeyote, fanya jambo moja usiku wa leo. Kata vipande viwili vya nailoni ngumu, ukubwa wa sahani. Kimoja kigundishe ukuta wa mawe kwa ndani, kingine chumba cha kule nyuma, kile chenye kiyoyozi kama kipo, kingo zote zikabwe kwa utepe. Utepe ukikataa kushika ukuta, ujue umelowa kuliko nilivyodhani. Viache siku mbili. Maji yakiwa chini ya nailoni yanatoka ukutani, yakiwa juu yake yanatoka hewani. Niandikie umekuta upande upi.